Bwawa la Mama na Mchanga wa Kibirizi

Ukisimama barazani kwa mama yangu, mtaa wa Buzebazeba, Kigoma, unaliona Ziwa Tanganyika mbele yako, maji mpaka macho yachoke, na milima ya Kongo ng'ambo siku ambayo hakuna ukungu. Ukigeuka ukapita jikoni ukatokea uani, unakuta bwawa letu la kuogelea, mita nane kwa tatu. Wageni wengi hulitazama, hurudi barazani kuhakikisha kama ziwa bado lipo, kisha hunitazama mimi. Nimezoea. Mimi ni binti yake, mwalimu wa kemia wa sekondari, na kutazamwa na watu wasioelewa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Bwawa lile halikujengwa kwa anasa, ingawa mtaa mzima umeshaamua hivyo na sina nguvu za kubishana nao. Lilijengwa kwa sababu ya kipande cha sabuni. Mama aliuza dagaa kwenye soko la ufukweni la Kibirizi zaidi ya miaka hamsini. Alipanda na kushuka kwenye mitumbwi, alibeba magunia, alipita juu ya mbao zilizolowa akiwa na beseni kichwani huku akigombana na mtu aliye nyuma yake, na hakuwahi hata kujikwaa. Kisha asubuhi moja akaingia bafuni kwake, akakanyaga sabuni, akavunjika nyonga. Hospitali wakampasua, wakamtia chuma, mfupa ukaunga vizuri. Kilichobaki kugoma ni miguu.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, bwana mpole mwenye koti jeupe, aliniita pembeni. Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza.

"Mfupa umepona, mwalimu. Ila bibi ameogopa, na miguu imelegea. Atembee ndani ya maji yanayofika kifuani, kila siku, maji yambebe. Akiendelea kukaa kitini mpaka mvua ziishe, sitakudanganya, hatanyanyuka tena."

Nilimshukuru, nikatoka pale nimefurahi. Kama kuna kitu Kigoma haijawahi kupungukiwa, ni maji ya kufika kifuani. Jioni ile nikamwambia mama kwamba kesho yake tunashuka Ujiji, tutafute pahali pametulia ufukweni, tuanze.

"Ziwani?" akasema. "Wanione?"

"Nani akuone, mama?"

"Wote. Miaka yote ile wameniona nikibeba. Leo wanione nabebwa, nguo zimenigandia mwilini, mguu huku mguu kule? Hapana, mwanangu. Asante."

Ile asante ndiyo iliyonitisha. Kabla ya kuanguka, mama hakuwahi kunishukuru kwa lolote, na sisemi hivyo kwa uchungu. Mapenzi yake yalikuwa ni amri. Ukimletea chai, atakuuliza kama sukari yote ya nyumba umeimwaga humo. Ukimnunulia kitenge, atakwambia ukarudishe, rangi hiyo ni ya wajane. Nimekuwa makamu mkuu wa shule na bado nikiingia kwake alikuwa akiniambia nikae vizuri. Lakini tangu arudi kutoka hospitali alikuwa mtu wa asante mwanangu, msijisumbue wanangu, hapo hapo panatosha, kwa sauti ya mgeni anayesubiri kuondoka. Nina miaka hamsini na moja na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa ile adabu yake mpya.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam. Kaka anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na tangu akae kwenye kiyoyozi hakuna tatizo la Kigoma asiloweza kulitatua kwa simu. Alinisikiliza, akasema, "Kama mama haendi kwenye maji, basi maji yatamfuata mama." Ilikuwa sentensi nzuri, nakiri. Na yeye aliipenda, maana aliirudia mara tatu kabla ya kukata simu. Wiki iliyofuata akatuma mchoro wa bwawa.

Fundi tuliyempata anatoka Kidahwe. Alikuwa amejenga matangi ya maji, vyoo vya shule, na majosho ya kuogeshea ng'ombe kila upande wa barabara ya Kasulu. Bwawa la kuogelea alikuwa hajajenga. Alifika asubuhi na mapema, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu," akaushika mchoro kwenye simu yangu kwa mikono miwili na kuutazama kwa muda mrefu.

"Hili ni josho," akasema.

"Si josho. Ni bwawa la kuogelea."

"Lina maji ya kifuani. Anayeingia anaingilia upande mmoja, anatoka amelowa mwili mzima, hakuna alichokunywa. Mwalimu, ni josho."

Mchoro wa kaka ulionyesha ngazi ya chuma ya kung'aa, vipago vitatu, imening'inia ukutani. Fundi akaikataa katakata. "Ng'ombe hashuki ngazi," akasema. Nikamkumbusha kwamba anayekuja kushuka ni mama yangu mzazi. "Basi ndiyo zaidi," akajibu, akaenda kuchanganya saruji. Akajenga mteremko wa taratibu uliokula nusu ya bwawa, akauchora michirizi kwa fagio saruji ikiwa bado mbichi ili mguu usiteleze, akaweka mabomba ya kushikilia kushoto na kulia. Nilimtumia kaka picha. Alinipigia nusura alie. Alisema kitu kile hakipo kwenye katalogi yoyote duniani, na kwamba tumemharibia muonekano. Nilimwacha fundi afanye alivyozoea, si kwa busara, ni kwa uchovu.

Kisha ikaja habari ya filta.

Kwa asiyejua, bwawa bila filta ni dimbwi. Maji yakikaa tu pale, baada ya siku chache yanakuwa ya kijani na vyura wanahamia. Kwa hiyo unaweka pampu inayonyonya maji, inayapitisha kwenye kitu cha kuchujia, inayarudisha yakiwa masafi, saa nyingi kila siku. Kitu hicho cha kuchujia kipo cha aina tatu: kuna cha karatasi ngumu iliyokunjwa kunjwa, kuna tangi lililojazwa mchanga, na kuna cha unga wa mawe ambacho sikukielewa na kaka pia hakukielewa, ingawa yeye alikizungumzia kwa dakika saba kwenye ujumbe wa sauti. Alinitumia jumbe za sauti za filta kwa wiki nzima. Nilikuwa nazisikiliza nikisahihisha madaftari, na kuna mwanafunzi mmoja nilimpa alama zote kwa bahati mbaya.

Mwisho akachagua ya karatasi. Ya mchanga inapoteza maji wakati wa kuisafisha, alisema, na ya karatasi unaichomoa tu, unaipiga maji ya mpira, unairudisha. Kwenye katalogi kulikuwa na mama wa Kizungu ameishika kwa vidole viwili, anacheka. Mimi mwalimu wa kemia nikasema ni uamuzi mzuri. Kitabu cha maelekezo kilisema isafishwe kila baada ya wiki kadhaa, kulingana na watumiaji. Waliokiandika hawakuwa wameambiwa watumiaji ni kina nani.

Siku ya kwanza ya mama kuingia majini ilikuwa kama harusi. Shoga yake alifika mapema. Huyu ni mwenzake wa biashara tangu ujanani, bado anauza Kibirizi, na sauti yake haihitaji simu kufika mtaa wa Gungu. Yeye ndiye aliyekuwa akija kumkanda mama nyonga kwa mawese ya moto, maana kwetu mfupa usiokandwa kwa mawese hata uwe na chuma ndani yake hauhesabiwi kuwa umetibiwa. Siku ile alimkanda vizuri zaidi, kuanzia kiunoni mpaka vifundoni, kwa heshima ya shughuli. Nywele zikapakwa mafuta ya nazi. Kisha mama akavaa. Uani tulikuwa wanawake peke yetu na ukuta ni mrefu, lakini mama yangu ni mtu wa Ujiji na hakusudii kukutana na Mola wake akiwa na nguo ya kuogelea. Akavaa dera, ndani kanga, juu kanga, kichwani ushungi. Kanga zenyewe zilikuwa doti mpya, nyekundu na nyeusi, zimetolewa kwenye mfuko asubuhi ile ile, hazijawahi kuona maji.

Mafuta, rangi isiyoshika, na nyuzi mpya. Nimefundisha mambo haya matatu miaka ishirini na sita. Nilisimama pale nikapiga vigelegele.

Tulimshusha kwenye mteremko, mimi kushoto, shoga yake kulia. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Tukamwachia kidogo. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, mikono ameinyoosha mbele, mpaka zikafika tano, akageuka, akarudi. Akacheka, kicheko kidogo cha kushtukia. Hapa sina kejeli yoyote ya kusema. Nilifurahi.

Halafu maji yakaanza kubadilika. Mawese yalipanda juu kwa miduara ya manjano, ikakutana, ikaungana. Kanga ikaanza kuchuja nyekundu yake polepole, kuanzia kwenye pindo. Fundi, aliyekuwa amewekwa nje ya ukuta karibu na pampu kwa ajili ya stara, akaita kwamba mshale wa presha unapanda. Baada ya muda akaita kwamba umepanda zaidi. Kisha pampu ikakoroma kama mtu aliyekabwa na muhogo, ikanyamaza.

Tulipoifungua filta, mikunjo yote ya ile karatasi ilikuwa imejaa mafuta ya rangi ya chungwa, na nyuzi za kanga zimejisokota ndani yake. Tuliiloweka kwenye sabuni ya vyombo. Tukailoweka kwenye sabuni ya unga. Nikaisugua mkunjo mmoja mmoja kwa mswaki siku tatu mfululizo, nikiwaza yule mama wa vidole viwili anacheka nini hasa. Ilitoka ya pinki na laini, haipitishi maji wala hewa. Nyingine ilikuwa inapatikana Dar es Salaam.

Mama aliyaona yote. Alikaa kwenye kiti chake akatazama maji yale, ambayo siku ya tatu yalikuwa ya chungwa katikati na kijani pembeni.

"Nimewaharibia maji yenu, wanangu," akasema. "Nisameheni."

"Mama, maji ni yako."

"Hapana. Mmejisumbua sana. Asante." Na hakukubali kuingia tena.

Nilimweleza kaka. Akasema nimwambie mama asipake mafuta, na avae nguo maalumu za kuogelea. Nikamwambia kama ni hivyo apande ndege aje amwambie mwenyewe, ana kwa ana, na mimi nitakuwepo kutazama. Mtandao ukaharibika ghafla kwa upande wake.

Kwa hiyo tukahamia filta ya mchanga. Ilikuja kwa treni: tangi kubwa la plastiki la bluu, la mviringo, na juu yake mpini wa kuzungusha wenye sehemu sita. Ukiuweka hapa inachuja, ukiuweka pale maji yanapita kinyumenyume yanausuuza mchanga na kutoa uchafu nje kwa bomba. Kila kitu kilikuwemo kwenye boksi, pamoja na kitabu cha lugha tisa, Kiswahili hakimo. Kisichokuwemo ni mchanga. Kaka alikuwa amenunua filta ya mchanga bila mchanga. Akasema huo unauzwa kivyake, ni mchanga maalumu, umeoshwa, punje zake zote za ukubwa mmoja, atautafuta autume, nisubiri.

Nilikuwa nimechoka kusubiri. Mvua zilikuwa zimeshapita nusu. Mama alikuwa anakaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, vifundo vimevimba, na alikuwa ameanza kumwambia shoga yake asihangaike kuja kila siku. Nikafungua kile kitabu, nikasoma: silika, yaani madini yanayounda mchanga. Nikakifunga. Nikamwambia fundi, kwa sauti ninayoitumia darasani, kwamba mchanga ni silika, na silika ni silika, iwe ya Dar es Salaam au ya kwetu. Tunachohitaji ni uliochekechwa vizuri tu.

Na nani anachekecha mchanga kuliko wanawake wa Kibirizi? Dagaa wengi pale huanikwa juu ya mchanga. Wakikauka wanakusanywa, wanachekechwa kabla ya kufungashwa, mchanga unadondoka. Unachekechwa tena kuokota vipande vilivyokatika, vya chakula cha kuku. Kisha mchanga ule ule unarudishwa uwanjani kuanikiwa dagaa wengine, na hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi. Punje zake zimelingana kama zimehesabiwa. Nilijiona nina akili sana. Nilikwenda kwa shoga wa mama, akashangaa, maana watu wote wanaokuja kwake wanataka dagaa wasio na mchanga, na mimi nilikuwa wa kwanza kutaka mchanga usio na dagaa. Akanijazia magunia manne.

"Huu umechekechwa kuliko unga wa maandazi ya Idi," akaniambia. "Chukua, mwanangu, shoga yangu apone."

Msomaji atauliza kama sikunusa. Nilinusa. Niliinama nikanusa gunia zima na sikusikia kitu. Mimi nimezaliwa ndani ya harufu ile. Nguo zangu za shule zilinuka dagaa, mto wangu ulinuka dagaa, mkono wa mama ulionipapasa nikiwa na homa ulinuka dagaa. Pua yangu iliacha kuihesabu harufu hiyo kabla sijajua kutembea. Fundi alisema anaisikia, lakini yeye ni mtu wa Kidahwe, mbali na ziwa, nikaona ni mambo ya watu wa bara.

Tuliusuuza mara tatu kwenye mapipa. Maji yalikuwa bado yanatoka na ukungu, mvua ikaanza kutunga, fundi akasema filta yenyewe itamalizia kujiosha. Tukajaza tangi, tukajaza bwawa, nikatia dawa ya klorini kwa mkono wa ukarimu, tukawasha pampu. Saa ya kwanza maji yalikuwa maangavu mpaka michirizi ya fagio ilionekana chini. Nikapiga picha nikamtumia kaka aone. Akarudisha vikatuni vya viganja vinavyopiga makofi, kumi na viwili.

Kesho yake alasiri nilipotoka shule, paka walikuwa wamekaa juu ya ukuta wetu. Si paka wawili. Ukuta mzima, upande mmoja hadi mwingine, wametulia, wanatazama ndani, kama wazee waliofika mapema msibani. Bwawani kulikuwa na povu jeupe zito. Klorini ilikuwa imekutana na mafuta ya dagaa wa miaka yote ile, na walichokitengeneza pamoja hata pua yangu ilikisikia. Jirani alichungulia langoni akauliza kwa adabu kama tuna shughuli, maana ameona tunapika na hajaalikwa. Fundi akauzungusha mpini kwenye sehemu ya kusuuza, na bomba la kutolea uchafu likaanza kutema magamba, na baada ya magamba, vichwa vidogo vidogo vya dagaa, kimoja baada ya kingine. Kuku wa uani hawajawahi kuwa na siku kama ile.

"Mwalimu," fundi akasema, "josho limekuwa supu."

Wiki hiyo mada yangu kidato cha pili ilikuwa ni usafishaji wa maji. Niliwaambia wakasome wenyewe.

Mama alikuwa ametolewa mpaka mlangoni na kiti chake. Nilisubiri aombe msamaha tena, nikawa nimeshajiandaa kulia. Alivuta pua mara mbili, akalitazama bwawa, akavuta tena. Mimi nilikuwa nimejaa aibu mpaka masikioni, sikutilia maanani.

Tulimwaga yote. Tulichota mchanga kutoka kwenye tangi kwa kopo, tukasugua tangi, tukasugua bwawa kwa brashi na sabuni, chini na kuta, siku tatu, magoti yangu yakachubuka. Lilipokauka lilikuwa jeupe na safi kuliko siku lilipozaliwa. Nikampigia kaka nikamwambia atume mchanga wake, nami sitagusa kitu mpaka ufike. Akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Sasa unaona, mwalimu?"

Ukapita muda. Mvua zikaanza kukata, jua linatoka siku mbili, inanyesha siku moja. Mimi kila nikisikia radi nilikuwa naomba isiwe ya mwisho. Mama akaomba kiti chake kihamishwe kutoka baraza ya mbele kwenda uani, kando ya bwawa tupu. Nikakihamisha, na moyo ukaniuma, nikadhani anaomboleza zile hatua zake tano. Nikamuuliza kama anahitaji kitu.

"Jua linapiga vizuri pale chini," akasema.

Nikaitikia kwamba ndiyo, linapiga. Nikadhani ni maneno ya mtu mzima aliyechoka. Shoga yake alikuwepo, analalamika kama kawaida: ziwa limepanda limemmezea nusu ya uwanja wake wa kuanikia, na uliobaki umelowa, dagaa wanamvundia. Walizungumza kwa sauti ya chini walipoona nasogea. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana shoga wa mama hana sauti ya chini.

Mchanga ulifika Alhamisi. Niliomba ruhusa shule, nikaenda stesheni na fundi, tukapakia magunia sita madogo kwenye bajaji mbili. Kweli ulikuwa mchanga wa kisomi: mweupe, mkavu, punje zote sawasawa, na gunia limeandikwa maelezo pande zote mbili. Njia nzima nilipanga. Leo tunajaza tangi, leo tunafungulia maji, kesho naziloweka zile kanga ziishe kuchuja, mawese nitamwomba shoga amkande baada ya kutoka majini badala ya kabla. Jumamosi mama anaingia. Bado kuna mvua mbili tatu. Bado tunawahi.

Tulipofungua lango niliona paka. Kisha, kabla sijajiuliza, nikaona sakafu ya bwawa, ambayo niliisugua kwa magoti yangu mwenyewe. Ilikuwa imefunikwa dagaa. Dagaa wa fedha, wabichi wa asubuhi ile, wamesambazwa ukuta kwa ukuta, wameng'aa mpaka macho yakauma.

Nilipiga kelele. Sina la kujitetea. "Nani ameweka dagaa kwenye bwawa? Siku tatu nimesugua! Siku tatu! Mchanga umefika, filta iko tayari, mgonjwa ataingia wapi?"

Shoga wa mama alikuwa amekaa kivulini mlangoni mwa jikoni, anakunywa chai yangu kwenye kikombe changu.

"Usinifokee mimi," akasema. "Muulize mwenyewe, yuko hapo chini."

Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Ndala zake zilikuwa zimepangwa juu ya mteremko, kisigino kwa kisigino, na mkongojo wake wa hospitali umetundikwa kwenye bomba la kushikilia. Nikasogea ukingoni. Mama alikuwa chini, katikati ya bwawa, miguu mitupu, dera amelifunga kiunoni, ana fagio la chelewa mkononi, anageuza dagaa. Alikuwa ameshika bomba kwa mkono mmoja. Kisha dagaa wa upande wa pili wakawa mbali, akaliachia bomba akawafuata. Hatua moja. Mbili. Alichechemea vibaya sana. Tatu. Hakukuwa na maji ya kumbeba, wala mtu.

Nyuma yangu fundi alikuwa amekuja na gunia begani. Akatazama, akalishusha taratibu. Liko pale pale alipolishusha mpaka leo, na wenzake watano, na kaka akiniuliza kwenye simu filta inaendeleaje namjibu kweli tupu, kwamba haijaziba hata mara moja.

"Nilikwambia, mwalimu," fundi akasema. "Hashuki ngazi."

"Mama," nikaita. "Nani amekushusha?"

Alimaliza kona aliyokuwa nayo, akasimama, akapumua, akaegemea fagio, akainua macho. Hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu vya shule, vilivyokuwa ukingoni kabisa na tope la stesheni.

"Ondoa hivyo viatu juu ya dagaa wangu."

Nikavirudisha nyuma. Machozi yalikuwa yanatiririka na sikuyafuta, na shoga yake kule jikoni akaacha kunywa chai.

"Na unalia nini? Huoni wingu hilo linatoka ng'ambo? Umesimama tu kama mgeni. Vua viatu, ushuke, ugeuze upande huo kabla halijafika."

Nikavua viatu, nikashuka. Nilipofika chini akaniambia nageuza vibaya.